Alifanana Tu na Amin? Acheni Hizo

Nkt! Eti "yule jamaa alifanana tu na Amin." Tukikaa pale steji ya Ruiru, kando ya mzee anayepiga viatu rangi, mazungumzo yakigusa sinema za zamani, hakosi mtu wa kutoa kauli hiyo. Na wengine wataitikia kwa vichwa ili mambo yaishe turudi kwa siasa. Anayesemwa ni Joseph Olita, Mkenya wa Siaya. Sinema yenyewe ni Rise and Fall of Idi Amin, iliyotoka 1981, ambamo alimwigiza huyo dikteta wa Uganda. Mtu amebeba picha nzima mabegani, mwanzo hadi mwisho, halafu sifa anayopewa ni umbo alilozaliwa nalo? Jameni.

Safari hii aliyechokoza mjadala ni kijana wa boda. Alikuwa ametumiwa kipande cha ile sinema kwa simu, pale Amin anapofungua friji na ndani mna vichwa vya watu. Simu ikapita mkono kwa mkono, kioo kimepasuka pembeni, sauti inakwaruza, jua linapiga hata huoni vizuri. Vijana wakacheka. Mmoja akasema hiyo ni takataka, na kwamba Amin wa kweli ni Forest Whitaker peke yake. Mzee wa viatu akasimamisha brashi. "Mwangalieni uso," akasema. "Friji achaneni nayo." Akainama tena kwa kiatu chake.

Mzee alikuwa amemaliza kesi kwa maneno machache, lakini vijana hawakumsikia, kwa hivyo acha mimi niirefushe.

Friji ile ni ya kuuza tiketi. Hilo halina ubishi. Sinema za namna hii zina njia yao, na ni njia ileile tangu zamani hadi leo. Unachukua jambo ambalo magazeti yametoka kulipigia kelele, hofu ikiwa bado mbichi. Unatafuta pesa kidogo. Unapiga picha haraka kabla watu hawajasahau. Unamwaga damu, unalipua gari mbili tatu, unaweka wanawake wanaopiga mayowe, kisha unachora bango ambalo mpita njia hawezi kulipita bila kugeuza shingo. Amin alifurushwa Kampala Aprili 1979, wanajeshi wa Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni walipoingia mjini. Haikuchukua hata miaka mitatu, sinema iko sokoni. Aliyeielekeza na aliyeitayarisha ni mtu mmoja, Sharad Patel, na kazi ikafanyika hapa kwetu Kenya, karibu kabisa na kidonda chenyewe.

Na makosa yake ni makubwa, siyafichi. Inabeba uvumi na kuutandaza kama ushahidi. Habari za Amin kula nyama ya watu hazijawahi kuthibitishwa na mtu yeyote, lakini sinema inakuonyesha kana kwamba mpiga picha alikuwepo. Waganda waliouawa katika miaka minane ya utawala wake wanakadiriwa kufikia hata 300,000. Kila mmoja wao alikuwa na mama, na shamba, na deni alilodai jirani. Ndani ya sinema wamekuwa miili ya kutisha watu. Mtazamaji wa Ulaya aliyekata tiketi yake alipewa zimwi jeusi, zimwi ambalo tayari alikuwa nalo kichwani kabla hata ya kuingia ukumbini. Mtu akisema picha ile iliwakosea Waganda, nitasimama upande wake.

Lakini dhambi za sinema si dhambi za mwigizaji! Hapa ndipo watu wetu wanapokosa adabu ya kutazama. Wakishaona damu ni rangi na bunduki ni mbao, wanafunga macho, kila aliyemo ndani wanamtupa kwa pipa moja. Olita aliwekwa katikati ya fujo ile, akapewa maneno mepesi ya kusema, na bado akatengeneza mtu. Mtu mbaya, ndiyo, lakini mtu.

Fikirieni kazi yenyewe ilivyokuwa. Leo kijana wa Kimbo akipiga picha kwa simu anaweza kurudia mpaka betri iishe, anafuta, anaanza upya. Wakati ule filamu ilikuwa utepe unaopita ndani ya kamera, na kila dakika yake ni pesa. Ulichopiga hukukiona mpaka utepe uoshwe maabara. Kwa picha ya bajeti ndogo maana yake ni kwamba mwigizaji anapewa nafasi moja, labda mbili, kisha kamera inahamishwa. Hakuna wiki za mazoezi. Mwandishi hakukuandikia ni wapi mtu huyu anabadilika kutoka mcheshi kuwa muuaji. Amekuandikia tu tukio hili, halafu tukio lile. Daraja la kuvuka kutoka hapa hadi kule unalijenga mwenyewe, kwa uso, kwa mabega, kwa namna ya kuvuta pumzi.

Olita alilijenga kwa kicheko. Mtazameni vizuri, tena mtazameni sauti ikiwa imezimwa. Anacheka mwili wote, kifua kinatikisika, nishani zinacheza, walio karibu naye wanaanza kucheka pia kwa sababu wanaogopa kutocheka. Halafu kicheko kinakatika, na wale wengine wanabaki na meno nje bila kujua wayafanyeje. Hofu ya utawala ule iko pale zaidi ya ndani ya friji yoyote. Waliowahi kufanya kazi chini ya mkubwa mwenye hasira zisizotabirika wanaijua sekunde ile. Ni sekunde ya kuhesabu ulichosema. Haiji kwa sababu mtu ana shavu kubwa na shingo nene.

Tena mkumbuke aliyeigizwa alikuwa nani. Amin mwenyewe alikuwa mwigizaji, usiku na mchana. Bondia wa uzani wa light heavy, bingwa wa Uganda miaka mingi, askari wa KAR, jeshi la wakoloni Waingereza, ambaye alikuwa miongoni mwa wale walioletwa Kenya wakati wa vita vya Mau Mau, mtu aliyejua kwamba watu wakikucheka wanasahau kukuchunga. Mwaka 1974 mwelekezi mmoja wa Uswisi, Barbet Schroeder, alitoa filamu ya hali halisi juu yake, na Amin aliitumia kamera ile kama jukwaa lake: akapiga kodiani, akaendesha mazoezi ya kijeshi ya kuiteka milima ya Golan huku akiwaeleza wageni jinsi Israeli itakavyoshindwa. Baadaye aliposikia kuna vipande visivyomfurahisha, akawazuia Wafaransa waliokuwa Uganda hadi mwelekezi akubali kuvikata. Mtu anayepigania vipande vya sinema kwa kukamata watu si mtu rahisi kumwigiza. Ukimwigiza chini kidogo, hafiki. Ukimzidisha, unakuwa katuni, na kwa vile mwenyewe alikuwa tayari amejizidisha, mpaka wa katuni uko karibu sana na mguu wako. Olita alitembea pembezoni mwa mpaka ule picha nzima. Mara chache aliteleza. Mara nyingi hakuteleza.

Na kuna jambo ambalo nikilitaja kijiweni watu hunyamaza. Ndani ya sinema ileile kuna Mwingereza aliyejiigiza mwenyewe, Denis Hills. Huyu ni yule mwalimu aliyehukumiwa kifo Uganda mwaka 1975 kwa sababu aliandika kwamba Amin ni mtawala katili wa kijijini. James Callaghan, wakati huo waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alisafiri mwenyewe hadi Kampala mwezi Julai kumchukua. Basi mtu ambaye shingo yake ilikuwa kweli mikononi mwa Amin alikubali kurudi ndani ya kisa kile, miaka michache tu baadaye, na kukiishi tena mbele ya kamera akiwa na Amin wa Siaya. Hebu jiweke mahali pa Olita. Kwenye kazi hiyo yumo mtu anayejua halisi ilikuwaje, na hutaweza kumdanganya kwa sare na nishani.

Kijana wa boda akasema, "Lakini mzee, Whitaker alichukua Oscar." Alichukua, ndiyo, Februari 2007, kwa The Last King of Scotland, na aliistahili. Sina neno baya juu ya Whitaker. Alikwenda Uganda, akajifunza Kiswahili, akajifunza kodiani, akazungumza na watu waliomjua Amin. Alipewa hadithi iliyotoka kwa riwaya ya Giles Foden, waandishi waliobobea wakaipanga, mwelekezi Kevin Macdonald akampa nafasi ya kupumua. Hiyo ndiyo tofauti ninayowaambia! Mmoja alipewa muda na watu wa kumshika mkono. Mwingine alipewa sare akaambiwa kamera inazunguka. Na kabla yao wote wawili Wamarekani walikuwa wamejaribu. Wanajeshi wa Israeli walipovamia uwanja wa ndege wa Entebbe kuokoa mateka Julai 1976, televisheni za kule hazikungoja hata mwaka: Victory at Entebbe ikaja na Julius Harris, Raid on Entebbe ikaja na Yaphet Kotto. Waigizaji wazuri wote, lakini walikuwa wakimwigiza mtu wa habari za saa tatu usiku. Olita alikuwa akimwigiza jirani.

Hilo la ujirani ndilo vijana hawalioni, na si kosa lao, hawakuwa wamezaliwa. Februari 1976 Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya kuwa ni Uganda. Alikuwa akirejelea mpaka wa kabla ya 1902, wakati Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulipofika hadi Naivasha. Siaya imo ndani ya dai lile. Yaani nyumbani kwao Olita, makaburi ya babu zake, vyote Amin alikuwa amevitaja kuwa vyake. Miezi michache baadaye, ndege za Israeli zilipotua Nairobi kujaza mafuta zikitoka Entebbe, Amin aliwageukia Wakenya waliokuwa Uganda, na mamia wakauawa. Mama anayetuuzia chai pale steji alikuwa kimya muda wote, akimimina tu. Kisha akasema baba yake alikuwa mtu wa reli Kampala, na alirudi 1976 na begi moja. Akasema kanda ya sinema ile ilipoletwa nyumbani na mjomba miaka ya themanini, mzee alitazama dakika chache, akatoka nje akakaa kwa kiti cha miguu mitatu mpaka ikaisha. Hakuwa amefika hata kwa friji. Alisema, "Anacheka vilevile."

Mimi nikaona mjadala umekwisha. Ni nani mwenye haki ya kutoa alama kuliko mzee yule?

Sasa niwapeleke mbele kidogo ya barabara, Thika, maana kuna jambo linaloniuma hapo pia. Mwaka uleule wa 1981, runinga ya Uingereza ilionyesha tamthilia ya The Flame Trees of Thika, kutoka kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959. Nyota wake alikuwa Hayley Mills. Picha safi, mashamba ya kahawa, farasi, mawingu, wazungu waliovaa kitani. Mpaka leo mtalii akishuka pale Blue Posts kuangalia maporomoko ya Chania, jina la Thika kichwani mwake limetoka kwa kitabu kile na tamthilia ile. Ilitengenezwa kwa heshima na kwa pesa. Na ndani yake watu wa Thika ni nani? Wapishi, watunza farasi, watu wa kutumwa. Hadithi ni ya mtoto wa mzungu.

Wekeni picha hizo mbili kando kwa kando. Moja ya heshima, moja ya kudharauliwa, mwaka mmoja, nchi moja. Ile ya heshima ikampa Mwafrika trei ya chai. Ile ya kudharauliwa ikampa Mkenya nafasi ya kwanza, jina lake juu kabisa, uso wake kwa bango lote. Ndiyo, ni nafasi ya dikteta muuaji, na nimeshasema ninavyoiona sinema yenyewe. Lakini mwigizaji hupimwa akipewa nafasi, na kwa miaka mingi nafasi kubwa kwa mtu wetu zilipatikana kwa picha za bei ya chini tu. Wenye pesa walikuwa na nyota wao. Hata mvua ilipokosa kunyesha hapa 1984 na wanyama wakahangaika, ilitoka sinema ya Raju Patel, In the Shadow of Kilimanjaro, ya nyani wenye njaa wanaoshambulia watu. Ikapigwa hapahapa Kenya. Majina makubwa kwenye bango lake? Timothy Bottoms na John Rhys-Davies.

Na baada ya Amin, Olita alipata nini? Mwaka 1991 Mira Nair alitoa Mississippi Masala, ya Denzel Washington na Sarita Choudhury, juu ya familia ya Wahindi waliofukuzwa Uganda 1972. Picha nzuri sana, itafuteni. Walipohitaji Amin, wakamwita Olita. Miaka kumi imepita, bado sare ileile. Nkt! Nani alimwandikia Olita nafasi ya mwalimu mkuu? Ya baba anayemtafuta binti yake Nairobi? Ya chifu mwoga, ya mchungaji, ya dereva wa lori la Malaba? Mtu mwenye kicheko cha namna ile na kimya cha namna ile angeweza hayo yote. Lakini ukishaamini kwamba mtu "alifanana tu," humwandikii kitu kingine, kwa sababu umeshajiambia hana kazi, ana sura. Kauli ya kijiweni mnaiona ndogo, lakini ndiyo kauli inayosemwa pia na watu wenye pesa za kutengeneza sinema, nayo ndiyo iliyomfungia mlango.

Olita alifariki Juni 2014. Kufikia hapo nchi ilikuwa na Kenya Film Commission, iliyoanzishwa 2005, na tuzo za filamu za Kalasha zilikuwa zimeanza. Nairobi Half Life ilikuwa imetoka 2012, ya mwelekezi David "Tosh" Gitonga, na Joseph Wairimu alikuwa ametuonyesha kijana wa mashambani anayemezwa na jiji, akazawadiwa kwenye tamasha la filamu la Durban kama mwigizaji bora. Tulikuwa tumeanza kujifunza kusema majina ya watu wetu. Tulianza na walio wapya, tukawaacha wakongwe nyuma. Hebu uliza steji yoyote, Ruiru au Thika, nani ni Sidede Onyulo. Watu watakutazama tu. Huyo ni Mkenya aliyekuwa mpishi Owuor ndani ya Nowhere in Africa, picha ya Wajerumani iliyopata Oscar ya filamu ya kigeni 2003, na bila yeye picha ile haina moyo. Alifariki 2008.

Mnajua chanzo kimoja cha kutojua majina haya? Vibanda vya video. Navipenda, nimelelewa navyo, siwezi kuvitukana. Kule Makongeni, Kiandutu, hapa Ruiru mtaani, mtoto aliingia kwa shilingi chache, akakaa kwa benchi akabanwa na wengine, akasikia DJ Afro akimweleza yanayotendeka kwa Kiswahili cha kwetu. DJ Afro ni msanii wa haki yake, na alifanya watu wasio na kizungu cha kutosha wawe wenye sinema. Lakini kwa benchi lile mwigizaji hakuwa na jina. Alikuwa "jamaa," "mbaya," "mtu wa nguvu." Majina yalipoanza kupanda mwisho wa picha, kanda ilitolewa, nyingine ikaingizwa. Tumekua kizazi kizima tukizijua ngumi kuliko wapiganaji. Ukipanda matatu ya 145 ya Ruiru au 237 ya Thika leo ni hivyohivyo, skrini inaonyesha mtu akilia kwa ustadi wa ajabu, na abiria anashuka bila hata kujiuliza aliyelia ni nani.

Waganda wametushinda kwa hili. Pale Wakaliga, mtaa wa chini Kampala, Nabwana I.G.G. alitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, na wenyewe husema iligharimu chini ya dola 200. Bunduki zimechomelewa kwa vyuma chakavu na Dauda Bisaso, ambaye pia anaigiza. Damu, helikopta za kompyuta, kung fu mpaka basi, na sauti ya VJ Emmie ikishangilia juu ya yote. Ni sinema ya fujo kama ile ya Amin, lakini tazameni tofauti. Hadithi ni yao, kelele ni zao, na hakuna mgeni anayeuziwa hofu ya Mwafrika. Waigizaji wenyewe walitembeza diski mlango hadi mlango wakigawana mauzo, kwa hivyo aliyenunua alimwona aliyeigiza uso kwa uso, akamjua. Dunia ilipowafuata, ilikuta tayari wana mashabiki wao nyumbani wanaowaita kwa majina. Bajeti ndogo haikuwafanya wadogo.

Nasi tunao wa kwetu. Jumamosi ukipita Murera au nyuma ya Gwa Kairu utawakuta vijana na simu iliyofungwa kwa kijiti, mmoja amejipaka rangi nyekundu shingoni, mwingine anapiga kelele "tuanze tena." Wanapiga sinema za ujambazi, za waganga, za mume anayefumaniwa. Nimetazama nyingi. Nyingine ni mbovu kabisa, na nimewaambia hivyo. Lakini ndani ya mbovu mara nyingine anatokea mtu mmoja, msichana anayesubiri sekunde mbili kabla ya kujibu, na unaona kabisa kwamba huyu anajua anachofanya. Picha ikifika mtandaoni jina lake halimo. Limeandikwa la mwenye chaneli, na nambari ya kutuma matangazo.

Vijana wangu, hapo ndipo ninapowashika shati. Kabla simu haijawashwa, andikianeni mkataba hata wa ukurasa mmoja: nani anaigiza nani, analipwa nini sasa, na picha ikiingiza pesa baadaye atapata kiasi gani. Mwigizaji ajisajili na PRISK, chama kinachosimamia haki za wasanii waigizaji, asingoje awe maarufu kwanza. Na picha ikikamilika, jina la aliyeigiza liandikwe kwa herufi zinazosomeka, likae pale kwenye skrini mpaka mtu wa kiti cha nyuma kabisa amalize kulisoma.